Mita Mia Saba Kufika Kwao

Jumatatu, 9 Septemba 2024

Daftari hili nimepewa na Hajjat Ruqayah, mwenye gari, ili niandike kilomita za kila siku. Hajjat anauza vitenge Mbarara na hamwamini dereva yeyote, hata dereva aliyefundisha jiografia miaka kumi na moja kule milimani Kivu ya Kusini. Sawa. Leo: kutoka Rubondo, kambini kwetu wakimbizi hapa Uganda, hadi Mbarara na kurudi, kilomita 131. Lakini kurasa ni pana na kilomita ni tarakimu tatu tu, na mimi Mihigo sijazoea kuacha ukurasa mtupu.

Gari ni la Kijapani, viti saba, rangi ya majivu. Katikati ya dashibodi kuna skrini, na ndani ya skrini kuna mwanamke. Ukiwasha gari anasalimia kwa Kijapani. Ukienda anakuelekeza njia kwa upole, kama muuguzi. Tatizo ni kwamba njia anazozijua ziko kisiwani kwao. Mshale mwekundu ndio sisi. Leo tulipokuwa tunapanda Kabingo, skrini ilituonyesha tumeacha barabara, tumekatiza shamba la mtu, tumeingia msituni, tukatokea kwenye reli. Kwa jiografia ya aina hiyo ningemsimamisha mwanafunzi nje ya darasa.

Alhamisi, 12 Septemba

Km 133. Mvua ya kwanza. Vumbi limelala.

Jumanne, 17 Septemba

Km 131. Leo nimempeleka mama yangu kule Ruharo, kwenye hospitali ya misheni ya Mbarara. Jina lake Nyirabahire. Ana miaka sabini na mmoja na ukaidi wa umri huohuo. Jicho la kushoto limekwisha kufa. La kulia lina mtoto wa jicho, na presha inapanda nyuma yake. Daktari hakuzunguka: apasuliwe kabla ya Krismasi. Baada ya hapo hakutakuwa na jicho la kuokoa.

Mama akakataa. Wala si kwa woga, maana mwanamke huyu alivuka mto uliofurika akiwa na ndama mabegani. Alinishika mkono pale ukumbini, mbele ya watu, akasema:

"Mihigo, mimi niliapa ku mulango ya nyumba yetu, siku tulikimbia. Nilisema, kile nimeona hapa njo cha mwisho, mutu asiguse macho yangu mpaka nirudi. Ile nyumba iko mu macho. Kaburi ya baba yako iko mu macho. Bakifungua, itatoka."

"Mama, haitoki. Ni ngozi tu wanatoa."

"We ni dokta?"

Nilikasirika mpaka nikashindwa kuingiza ufunguo kwenye gari. Nina siri ambayo sijawahi kumwambia. Mwaka juzi niliitafuta nyumba yetu kwenye simu, kwenye zile picha zinazopigwa kutoka juu. Nimefundisha ramani, nilijua pa kuangalia. Hakuna nyumba. Kuna majani tu, na mahali pa zizi pana kijani tofauti kidogo.

Wakati wa kurudi tukafika kona ya ziwa, pale barabara inapokaribia maji na mafunjo yanaegemea karavati. Mbwa akabweka. Alikuwa ndani ya gari. Mara tatu, karibu kabisa na goti langu.

Nilipiga breki abiria wote wakaja mbele. Sauti ilikuwa imetoka kwenye skrini. Kulikuwa na picha ndogo ya nyumba ambayo sikuwahi kuiona, upande wa kulia, upande wa ziwa, na kando yake kilomita 0.7. Mwanamke akasema maneno machache, kisha akanyamaza.

Mama alikuwa kiti cha mbele, amegeuza sikio. "Tumefika kwabo?"

"Ni mashine, Mama."

"Umbwa inajua mutu wake," akasema.

Jumamosi, 21 Septemba

Km 130. Nimemwona Shafiq, fundi wa redio za magari hapa Mbarara. Kijana wa mzaha mwingi, anatafuna karanga juu ya nyaya za watu. Nilidhani ataniuzia uongo. Akachungulia chini ya dashibodi akacheka.

"Mwalimu, hii kitu hapana wazimu. Antena yake walikata. Yeye hapana ona satelaiti juu, nahesabu magurudumu na kona tu. Gari nakwenda Kabingo, yeye nafikiri bado iko Japani."

"Na mbwa?"

"Mwenyewe aliweka. Huko nafanya hivyo, ssebo. Wewe nakaribia nyumba yako, gari nakupigia kengele, ama treni, ama umbwa. Huyu alipenda umbwa."

Nikamwomba aing'oe. Akasema akiing'oa, redio na kamera ya nyuma navyo vitakufa, na Hajjat atanila nyama. Nimeiacha.

Jumanne, 24 Septemba

Km 138, kwa sababu ya kumfikisha afande mmoja Makenke. Kwenye kona ya ziwa aliinua miguu yote miwili. "Umbwa iko chini ya kiti?" Nikamwambia iko Japani. Alibaki na miguu juu mpaka lango la kambi ya jeshi.

Jumatatu, 30 Septemba

Km 131. Mama sasa anapanda gari kila siku, kiti cha mbele, ambacho ni cha abiria anayelipa. (Hajjat, ukurasa huu uruke.) Anasema anakuja kumsikiliza binti wa mashine. Haoni skrini, lakini ana masikio ya mtu aliyejua kitabu kizima cha nyimbo za kanisa bila kujua kusoma. Ameshajua sauti ya "kulia", ameshajua sauti ya "kushoto", na anaitikia, "Ee, tumesikia."

Leo kabla ya kona akaniambia, "Uyu binti anatafuta kwabo. Kila siku anafika karibu, unamupitisha."

"Simpitishi, Mama. Barabara ndiyo inapita."

Mbwa akabweka. Mama akangoja amalize, kisha akasema neno ambalo nimelibeba mpaka sasa:

"Siku uyu atafika kwabo, na mimi nitajua mutu anaweza kufika. Ile siku unipeleke Ruharo, bapasue. Naapa ku jina ya Musoni."

Musoni ni marehemu baba yangu. Mama akiapa kwa jina hilo harudi nyuma. Kwa hiyo jicho la mama yangu limefungwa kwenye mshale mwekundu. Nilitaka kucheka nikashindwa.

Jumanne, 8 Oktoba

Km 132. Mvua. Mbwa. 0.7.

Jumanne, 15 Oktoba

Km 134. Mvua siku ya sita mfululizo. Magurudumu yanateleza hata kwenye tambarare. Kwenye kona ya ziwa: 0.6.

Nilisimama nikaifuta skrini kwa kitambaa. Sita. Najua sababu yake, mimi si mshirikina. Gurudumu likizunguka kwenye matope bila gari kusogea, mashine inahesabu mwendo ambao hatukuenda. Kila tope linausogeza mshale. Ni hesabu ya darasa la saba.

Jumamosi, 19 Oktoba

Leo sikufanya kazi. Nilichukua karatasi nne nikazigundisha, nikachora barabara yote kutoka Rubondo hadi Mbarara, kila kona na pembe yake, kama nilivyokuwa nawafundisha watoto. Kisha nikaweka nyumba ya kwenye skrini mahali inapoangukia hapa kwetu.

Kwa kuwa tunakwenda na kurudi njia ileile, nyumba haihami mbali, ni matope tu yanayoivuta kidogokidogo. Ipo upande uleule kila siku. Ipo ndani ya Ziwa Nakivale, nyuma ya mafunjo, kwenye maji ya viboko.

Mama alikuwa anachambua maharage kwa vidole. "Umeiona nyumba ya binti?" akauliza.

"Bado," nikasema.

Jumatatu, 28 Oktoba

Km 131. 0.5. Ziwa limekula njia ya wavuvi.

Jumatatu, 4 Novemba

Km 131. Hajjat ameniita dukani. Alikuwa amekunja uso na kitenge kwa pamoja.

"Mwalimu, abiria nasema gari yangu iko na jini. Huyo mama wa unga, Mukamurenzi, yeye nasema hapana panda tena."

"Hajjat, ni mashine inayohesabu magurudumu."

"Mimi najua. Kale, sawa, lakini weka Kurani kwa redio mkipita ile kona ya ziwa."

Nikamwambia redio na mashine ni kitu kimoja, ukiweka moja nyingine haizimiki. Akauliza mama yangu anaendeleaje na jicho. Sikujua kuwa alijua. Nilimdhania Hajjat ana roho ya mita ya kupimia nguo, na sasa naona nilikosea.

Jumatatu, 11 Novemba

Km 133. Shafiq tena. Safari hii hakuwa na karanga. Alielekeza simu yake kwenye skrini, na simu ikageuza yale maandishi ya Kijapani.

"Tazama. Hii nasema *nyumbani*. Hii nasema safari haijaisha. Mwenye gari wa kule Japani alibonyeza nyumbani, mwalimu, akaanza kwenda, hakufika. Mpaka leo hii kitu bado namaliza ile safari."

Kisha akafungua ramani ya siku hizi kwenye simu, akatafuta mahali palepale, mji mdogo wa pwani. Akaivuta picha karibu, akaivuta tena.

"Banange," akasema taratibu. "Hapa nyumba hapana."

Kulikuwa na majani. Majani mengi, yamenyooka, na ukuta mrefu wa saruji mbele ya bahari. Barabara zilikuwapo bado, zimekatana vizuri, hazina kitu pembeni. Shafiq alisema labda bahari ilipanda ikazoa nyumba zote. Labda mtu huyu alikuwa mbali na gari lake siku hiyo, akabonyeza nyumbani, akakuta njia imefungwa, na baadaye akaliuza gari kwa sababu halikuwa na pa kurudi. Hatujui. Ramani iliyo ndani ya gari ni ya zamani, haikuambiwa.

Niliijua ile kijani. Niliwahi kuiona mahali pa zizi letu. Nilikaa kwenye benchi la Shafiq, na kijana yule wa mzaha akaninunulia chai bila kuuliza kitu.

Mwishoni nikamuuliza Shafiq yule mwanamke wa skrini husema nini gari likifika. Akaandika kwenye simu, akatafuta, akanisomea: "Tumefika karibu na uendako. Kuongoza kunaishia hapa. Pole na safari."

Jumatatu, 18 Novemba

Km 131. 0.3. Nilimwambia Mama yale maneno ya mwisho. Akatabasamu kwa mara ya kwanza msimu huu. "Kumbe anajua kupa bantu pole." Habari ya majani sikumwambia. Ya huko wala ya kwetu.

Jumatatu, 25 Novemba

Km 131. 0.2. Maji yamegusa karavati.

Jumanne, 26 Novemba

Km 131. 0.2. Mbwa amebweka mara sita. Zamani zilikuwa tatu.

Alhamisi, 28 Novemba

Km 140, kwa kuzunguka matope. 0.1. Mama anasema, "Maji inakuya na nyumba." Nimemwambia anyamaze, abiria wanasikia. Sijawahi kumwambia Mama anyamaze maishani mwangu.

Alhamisi, 5 Desemba

Km 129.

Naandika viatu vikiwa bado vimelowa.

Tulitoka Ruharo saa nane, mimi na Mama tu. Daktari amempima, presha imepanda. Amempangia tarehe 12, na amesema hiyo ndiyo ya mwisho, baada yake wanafunga orodha mpaka mwaka mpya, na mwaka mpya utakuta jicho limekufa. Mama akamjibu kwa adabu, "Dokta, bado binti hajafika." Daktari akanitazama mimi. Nikapokea karatasi ya tarehe.

Saa kumi tulifika kona ya ziwa. Barabara ilikuwa chini ya maji, shubiri moja hivi, rangi ya chai ya maziwa. Mvua ilikuwa imesimama na hakukuwa na upepo. Mafunjo yamesimama wima. Nikaingia polepole. Mbwa akaanza kubweka, na safari hii hakuacha.

Skrini haikuandika tena kilomita. Iliandika mita. Tisini. Mwanamke akasema "kulia".

"Amesema kuume," Mama akasema.

"Kulia ni ziwa, Mama."

"Yeye anajua ziwa? Anajua kwabo. Kata."

Nikamtazama. Lile jicho moja lenye ukungu lilikuwa linatazama mbele kama linaona. Nikatazama kulia, na pale ambapo siku zote ni ukuta wa mafunjo palikuwa na nafasi, imenyooka, pana kadiri ya gari. Ni njia ya viboko. Sasa naandika najua ni njia ya viboko. Pale sikujua. Nilichojua ni kwamba mita tisini ni fupi, kwamba mama yangu angeona, na kwamba mimi pia, Mungu anisamehe, nilitaka sana mtu mmoja afike.

Nikakata.

Magurudumu ya mbele yakashuka. Maji yakaja kwenye taa. Themanini. Sabini. Injini ikakohoa. Maji yakaanza kuingia chini ya mlango, ya baridi, juu ya viatu vyangu, na mbwa anabweka kwa furaha. Najua tofauti, tulifuga mbwa. Ule ulikuwa mbweko wa mbwa aliyemwona mtu wake kwa mbali. Sitini.

Nikasikia kitasa. Mama alikuwa amevua viatu, ameviweka vizuri kwenye mapaja, amefungua mlango na kutoa mguu mmoja nje. Mguu ukaingia majini mpaka gotini. Akainua uso, akaita kwa sauti ya mgeni mwenye adabu:

"Hodi!"

Nilimshika mkono, nikamvuta ndani nikaweka rivasi. Sijui gari lilitokaje. Wavuvi wawili walikimbia wakatusukuma, wakinitukana kwa lugha tatu. Mmoja alionyesha kidole: nyuma ya ile nafasi, vichwa viwili vya viboko, kimya, vimetazama kwetu.

Kufika mlangoni kwetu Rubondo Mama akasema, "Mutu alikuwa anaitikia."

Jumamosi, 7 Desemba

Km 131. Mama haongei nami. Nilimwambia Shafiq kila kitu. Nikamuuliza kama ile nyumba inaweza kuhamishwa.

"Naweza. Wewe nasimamisha gari kwenu, nabonyeza hapa, nasema nyumbani ni hapa. Lakini mwalimu, ile ya kwake nafutika. Hakuna kopi. Umbwa pia."

"Nionyeshe cha kubonyeza."

"Ssebo, huyu mtu, kwake imebaki hapa ndani tu."

"Mama yangu amebakiwa na jicho moja tu, Shafiq."

Akanichorea vitufe kwenye karatasi. Hakunitazama.

Jumapili, 8 Desemba

Mama alikuwa kanisani. Gari lilikuwa mbele ya mlango wetu. Nikafuata mchoro wa Shafiq mpaka visanduku viwili vikatokea, ndiyo na hapana. Nilikaa hapo mpaka wimbo wa pili wa kanisani ukaisha. Mimi, mtu ambaye nyumba yake ilifutwa na watu wasiojua jina lake, nilikuwa nimenyoosha kidole.

Nikabonyeza. Mbwa akabweka mara moja, fupi, akakatika katikati. Picha ya nyumba ikahamia Rubondo.

Jumatatu, 9 Desemba

Km 140. Njia ya mwongo ni fupi, lakini leo ilinifikisha.

Nilimwomba Mama aje nami mara moja tu tena. Kona ya ziwa nikaipitia upande wa juu, njia ya mashambani. Tulipoingia uani mwetu mwanamke akasema yote, kwa upole uleule, mpaka mwisho: pole na safari. Skrini ikanyamaza.

Mama akaielekezea skrini sikio. "Amefika?"

"Amefika, Mama."

Akashuka, akapapasa mlango, akaigusa kufuli yetu yenye kutu. "Hapa ni kwetu."

"Ndiyo."

"Basi siku zote alikuwa anakuya kwetu?"

"Inaonekana hivyo."

Nilingoja anikamate kwa uongo wangu. Badala yake aliingia ndani, akatoka na kikombe cha maziwa, akakiweka juu ya boneti kwa mikono miwili, kama tunavyompa mgeni wa heshima. "Karibu, binti," akasema. Kisha akaniambia, "Tarehe kumi na mbili unipeleke."

Nilikwenda jikoni nikalia. Niliporudi kuyamwaga yale maziwa, kikombe kilikuwa kitupu. Paka wa jirani yetu Mukamurenzi anazurura sana siku hizi.

Alhamisi, 12 Desemba

Wamempasua. Ametoka anaimba.

Ijumaa, 13 Desemba

Wamefungua bandeji. Anasoma ubao wa kupimia macho mpaka mstari wa pili kutoka chini. Yaani hajui herufi, lakini anaonyesha kwa vidole zinatazama wapi. Daktari amesema jicho ni zima, halina kosa. Nimeyaandika maneno hayo kama alivyoyasema. Hajjat alikuja na matunda na kanga mpya.

Jumamosi, 14 Desemba

Km 65, kurudi tu.

Njiani Mama alikuwa anataja kila kitu kama mtoto: ng'ombe, mabati, migomba, mwanamke mwenye sufuria. Nilifurahi kiasi cha kusahau. Maji yalikuwa yamepungua, barabara imefunguka, nikapita ya chini.

Kwenye kona ya ziwa gari halikubweka.

"Simama," akasema. "Umbwa iko wapi?"

"Labda mashine imeharibika, Mama."

Akageuka akanitazama usoni, mara ya kwanza baada ya miaka mitatu, na sikuweza kumtazama. "Nionyeshe nyumba yake."

Nikamwonyesha skrini. Aliisoma kwa kidole, mshale wetu, kisha kijumba kule mbele, upande tunaoelekea. "Hii ni Rubondo. Hii ni kwetu. Ya kwake uliweka wapi?"

"Niliifuta. Nilitaka uone."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. "Ile siku alisema pole, nilisikia sauti yake ni ya mutu bameshusha ku fasi hajui. Nikasema labda nimezeeka."

Basi nikamwambia yote. Bahari, ukuta, barabara zisizo na kitu pembeni. Aliponiuliza, "Na ya kwetu iko vile?" nikasema ndiyo, Mama, majani tu, hata kaburi la Baba halionekani. Miaka miwili nimelibeba neno hilo, na lilitoka kwa pumzi moja.

"Nilijua," akasema. "Unawaza nilikuwa nachunga macho juu ya nini? Chukua kitabu yako. Wewe njo ulifuta, wewe andika."

Akanitajia, nami naandika kama alivyotaja. Nyumba ya kwanza: kutoka karavati la kona ya ziwa, upande wa kulia ukielekea Rubondo, mita tisini ndani ya maji. Jina la mwenyewe hatulijui. Ilikuwa na mbwa. Nyumba ya pili: mlango unatazama jua linapotoka, mti wa maua mekundu kando ya zizi, kaburi la Musoni hatua tano kutoka kizingitini, kwenye jiwe lililopasuka.

Nikafunga daftari nikawasha gari. Kabla sijaondoa mguu kwenye breki akanishika mkono.

"Enda polepole. Usipite karibu naye, maji itamurukia."

"Nani, Mama?"

"Uyu mama mwenye anasimama ku mafunjo." Alionyesha kwa kidevu, kama tunavyomwonyesha mtu bila kumwaibisha. "Ameshika kamba ya umbwa, na umbwa haiko."

Nilitazama. Mafunjo, maji, ndege mmoja mweupe. Nikapita polepole.

Jumatatu, 23 Desemba

Km 131. Mvua zimekwisha. Hajjat, umeniuliza kwa nini safari ya jioni imeongezeka dakika mbili na kilomita ni zilezile. Ni pale kona ya ziwa. Napunguza mpaka mwendo wa mtu anayetembea, na abiria wananung'unika. Mimi simwoni mtu. Nasema pole, kisha napita.